Tabasamu la Ujira

Alasiri moja ya mwezi wa Februari, kaskazi ingali ikivuma na hoteli za Diani zimejaa wageni, mpwa wangu alipita nyumbani kwangu Ukunda akitoka kazini, akaniamkia, akavua viatu vyake vyeusi vya sare, akaketi barazani na kuomba mafuta ya nazi. Nilidhani ni ya miguu, kwa maana mtu ambaye hajakaa kitako tangu alfajiri miguu yake ndiyo ya kwanza kumshitaki; lakini yeye alichovya ncha za vidole akaanza kujikanda mashavu, polepole, kutoka pembe za midomo kwenda masikioni, kama akandaye kiungo kilichoteguka.

“Una nini, mwanangu?”

“Mashavu, mjomba. Yananiuma. Leo chakula cha asubuhi kilikuwa na watu wengi, na supavaiza alisimama mlangoni akitukagua nyuso.” Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: “Tena leo nimeomba radhi kwa kuwa maji yamekupwa.”

Akanieleza. Mgeni mmoja aliteremka ufukweni saa nne na taulo yake begani, akakuta bahari imerudi nyuma hata karibu na mwamba, imeacha mchanga, mwani na vidimbwi. Akapanda juu amekasirika, na mtu wa kwanza aliyekutana naye alikuwa ni yeye na sinia lake. Kwa nini hakuambiwa? Amelipa fedha zote zile aje kutazama matope? Mpwa wangu aliinamisha kichwa, akatabasamu, akaomba radhi. Mgeni hakutosheka. Akaomba tena, na mara ya tatu, tabasamu lile lile likiwa mahali pake, mpaka mkubwa wake akaja naye akaomba radhi, na mgeni akaletewa dafu la bure. “Bahari ya Mwenyezi Mungu, mjomba,” aliniambia, na wala hakucheka alipokuwa akisema, “mimi ndiye nimeitakia msamaha.”

Maneno hayo yamekaa nami tangu siku ile, na kila niyageuzapo nayaona yamebeba swali ambalo ni la dini kabla halijawa la kazi. Sisi tuliolelewa katika vyuo vya mwambao huu tulifunzwa tungali wadogo kwamba kutabasamu mbele ya uso wa ndugu yako ni sadaka, na mafundisho hayo yalitufurahisha kwa kuwa yalimpa fukara asiye na senti moja kitu cha kutoa, akawa naye ni katika wahisani. Lakini sadaka ina sharti zake: huwa ni mali ya mtoaji, huenda na nia, na hutoka kwa hiari, na Wakristo wenzetu, ambao ni wengi katika wafanya kazi wa hoteli hizi, wanayo maneno ya Mtume Paulo kwa Wakorintho yenye maana iyo hiyo, ya kwamba mtu atoe kama alivyokusudia moyoni mwake na si kwa kulazimishwa. Sasa yuko mwanamke wa Kidigo ambaye huitoa sadaka hiyo tangu saa kumi na mbili za asubuhi mpaka saa tisa za mchana, kwa mamia ya watu asiowajua majina, kwa amri, kwa ukaguzi na kwa mshahara, na siku atakayoizuia ataandikiwa barua ya onyo. Je, kitu kile ni kile kile? Na ikiwa si sadaka tena, ni nini: ni bidhaa, ni kazi, ama ni uongo? Na aliyekwisha kukitoa mchana kutwa hubaki na nini cha kuwapa walio wake?

Majibu mepesi hayakosekani. Barazani nimewasikia watu wazima wakisema kuwa huo ni unafiki mtupu, kucheka na mtu usiyempenda kwa ajili ya tonge. Na katika matangazo ya utalii nimesoma jibu la upande wa pili, kwamba watu wa pwani wameumbwa hivyo, wakarimu na wenye bashasha, na tabasamu kwao ni kama upepo. Yote mawili siyakubali, na la pili silikubali zaidi, kwa sababu limevaa sifa na kumbe ni dhuluma: likiwa tabasamu ni la maumbile, basi si kazi, na lisilokuwa kazi halina ujira wala uchovu wala mapumziko. Hakuna amlipaye mnazi kwa kuwa mrefu.

Wala si kweli kwamba zamani ukarimu wetu ulikuwa mbali na biashara na leo ndipo umetiwa doa na fedha. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 alisimulia ada aliyoikuta Mogadishu: jahazi likitia nanga, vijana wa mji huliendea kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanya biashara mmojawapo na kutamka kwamba huyu ni mgeni wake, kuanzia hapo mgeni hulala nyumbani kwa mwenyeji huyo, naye mwenyeji humwuzia na kumnunulia bidhaa, na faida huipata. Watu waliosali katika msikiti wa mawe wa Kongo, huku kwetu Diani, pale mto Mwachema unapoingia baharini chini ya mibuyu, waliishi kwa upepo ule ule na kwa biashara ile ile, na sidhani kuwa walimkirimu mgeni wa jahazi bila ya kuutazama mzigo wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Na kupona huko kulikuwa ni kwa chakula na kwa habari, na pia kwa nguo na shanga.

Lakini itazame ada ile ya Mogadishu kwa makini. Kijana alisema, huyu ni mgeni wangu. Yeye ndiye aliyechagua, yeye ndiye aliyekuwa na nyumba, na mgeni naye alifungwa kwake kwa adabu, asiweze kuuza wala kununua bila ya mwenyeji wake kuwapo. Hisani ilikwenda na kurudi. Wazee wale wale waliosema mgeni njoo walisema pia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu umpe jembe, maana yake ikiwa kwamba ugeni una mwisho, na baada yake mgeni huingia katika wajibu kama watu wengine wa nyumba. Hotelini hakuna siku ya tatu. Mgeni akiondoka Jumamosi huja mwingine Jumamosi iyo hiyo, naye yumo katika siku yake ya kwanza. Mwenyeji peke yake ndiye ambaye kila siku yumo katika siku ya kwanza, bila ya kufika kamwe siku ya kumpa mtu jembe. Tena huyo mwenyeji si mwenye nyumba. Amevikwa cheo cha mwenyeji katika nyumba ambayo, siku yake ya mapumziko, akija na watoto wake kuitazama bahari, askari wa mlangoni atamwuliza anakwenda wapi.

Hata salamu imekatwa. Kwa Kiswahili cha wenyewe mtu huulizwa “Hujambo?”, yaani, huna jambo lililokupata? naye hujibu “Sijambo”, yaani, sina. Ndipo yule wa kwanza naye huulizwa, na wote wawili wakawa wamejuliana hali. Hotelini limebaki “Jambo” peke yake, na wimbo wa Jambo Bwana, ambao kundi la Them Mushrooms liliutoa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukalieneza neno hilo ulimwenguni. Siulaumu wimbo, ambao umewalisha wengi. Lakini kilichokatwa katika salamu hiyo ndicho kiungo chenye kukanusha, ndicho kilichobeba dua. Kilichosalia, ukikichukua neno kwa neno, ni mtu anayemwambia mgeni kwamba liko jambo, na mgeni hakuulizwa kitu wala haulizi. Katika Qur'ani tumeamrishwa kwamba tusalimiwapo turudishe salamu iliyo bora kuliko ile au mfano wake, na wanavyuoni wakasema kuanza salamu ni sunna, bali kuijibu ni faradhi. Mpwa wangu aliwahi kuhesabu, asubuhi moja katika msimu, ni wangapi waliomjibu alipowaamkia mezani. Aliacha kuhesabu kabla ya saa tatu, akaniambia kuwa kuhesabu kulimfanya tabasamu lisimame vibaya.

Mwaka 1983 Arlie Hochschild, mwanachuoni wa elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alitoa kitabu kiitwacho The Managed Heart, baada ya kuwachunguza wahudumu wa ndege wa shirika la Delta pamoja na watu wa kazi iliyo kinyume chake, wadai madeni, ambao hulipwa ili wakunje nyuso. Alisema kwamba ipo kazi ya mikono, ipo ya akili, na ipo pia ya hisia, ambayo mtu huajiriwa ili azitengeneze hisia zake kwa ajili ya mteja. Na akapambanua njia mbili za kuifanya. Njia ya kwanza ni ya juu juu: uso unatabasamu na moyo uko kwake. Njia ya pili ni ya ndani: mfanya kazi hufunzwa kuushawishi moyo wenyewe, na wale wahudumu walifundishwa kukiona chumba cha ndege kama ukumbi wa nyumba zao na abiria kama wageni waliokuja kwao. Kila njia ina madhara yake. Anayefanya juu juu hujiona mwongo, na anayefanya kwa ndani hufika siku asijue tena ni ipi hisia yake na ni ipi ya kampuni.

Haya ya Marekani yamefika Diani zamani. Tangu Chuo cha Utalii kilipofunguliwa Nairobi mwaka 1975 kwa ushirikiano wa serikali ya Kenya na ya Uswisi, vijana wetu wamefunzwa kutandika kitanda na kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja, mambo ya ustadi na ya kujivunia. Lakini mafunzo mafupi ya ndani ya hoteli, yale ya nusu saa kabla ya zamu, siku hizi hayahusu sahani. Huambiwa watabasamu kutoka moyoni. Huambiwa kwamba mgeni huitambua furaha ya kweli na ya bandia, kwa hiyo ya bandia haikubaliwi. Hapo ndipo naona mkono umepita mpaka wake, nami nitaeleza kwa nini, na maelezo yenyewe nayachukua katika vitabu vya fiqhi ambavyo babu zetu walivisoma kwa ajili ya mashamba na majahazi.

Akidi ya ijara, yaani mkataba wa kumkodi mtu au kitu, haisihi ila kwa sharti, na katika hizo ni kwamba manfaa yanayokodiwa yawe yanajulikana, na yawe ni kitu ambacho mkodishaji anaweza kukikabidhi. Nyumba hukabidhiwa, na punda hukabidhiwa, na siku ya kazi ya seremala hukabidhiwa. Lakini ndege aliye angani na samaki aliye majini hawakabidhiki, na akidi juu yao ni batili. Nauliza: moyo wa binadamu ni punda au ni samaki aliye majini? Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akigawa siku zake kwa wakeze kwa uadilifu, kisha akimwomba Mola wake asimlaumu katika lile analolimiliki Yeye Mola na ambalo mja halimiliki, na wafasiri wakasema kuwa alikusudia mapenzi ya moyo. Ikiwa mbora wa viumbe alikiri kwamba moyo wake haumo mikononi mwake, vipi msichana wa Ukunda ataweza kuutia katika mkataba wa miezi mitatu? Bahari hujaa na kupwa kwa amri isiyokuwa yetu. Moyo nao una maji yake. Aliyemtaka mpwa wangu aiombee radhi bahari, na anayemtaka afurahi kutoka moyoni saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi aliyoacha mtoto ana homa, wamemtoza kitu kimoja.

Kinachokodishika ni jamala. Neno hili la zamani silisikii sana midomoni mwa vijana, nalo lafaa lirudishwe, kwa kuwa lina kipimo. Jamala ni ule wema wa dhahiri ambao mtu mwenye murua humfanyia mtu yeyote: kumwitikia, kumpisha, kusema naye kwa sauti ya staha, kutomwonyesha karaha yako. Jamala yajulikana, yakabidhika, na yaweza kulipiwa bila ya kumdhulumu mtu. Furaha na mahaba si jamala.

Kwa hiyo nawajibu wale wa barazani kwamba unafiki si huo. Mnafiki hudhihirisha imani na kuficha ukafiri kwa kukusudia madhara. Mwenye jamala huficha uchovu wake ili asimwudhi mwenziwe. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifundisha katika kitabu chake cha Ihyaa kwamba tabia njema hupatikana kwa kujikalifisha: atakaye kuwa karimu na aanze kwa kutoa huku nafsi ikikataa, mpaka utoaji ukawa ndio tabia yake. Kwa kanuni hiyo, uso mkunjufu uliotangulia moyo si uongo, ni shule. Nimewaona wahudumu wazee wa Diani, watu waliofanya kazi miaka thelathini na zaidi, ambao kweli imekuwa shule kwao, wamekuwa na subira na utulivu ambao siuoni kwa sisi tuliokaa na hasira zetu nyumbani. Na ingekuwa dhuluma kuandika juu ya kazi hii bila ya kuwataja. Ila Ghazali alimwambia mtu ajikalifishe kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe, ashike hatamu yeye, na malipo yake yako kwa Mola wake. Hakusema kwamba hatamu ashike mtu mwingine, asimame mlangoni, akague.

Na huyo asimamaye mlangoni naye ana hofu yake. Watu wa Kwale wameuona utalii ukianguka mara nyingi kwa sababu wasizoziumba: baada ya mashambulizi ya Likoni ya Agosti 1997; tena Mei 2014, serikali ya Uingereza ilipowaonya raia wake wasifike kisiwa cha Mombasa na mwambao mpaka Tiwi, ambapo Diani haikutiwa katika onyo lenyewe, lakini mgeni angeifikiaje na njia yake kuu ilikuwa kivuko cha Likoni; na Machi 2020, korona ilipofunga viwanja vya ndege. Kila mwaka pia, kusi inapoingia na masika yakianza, wengi hupewa likizo isiyokuwa na mshahara mpaka msimu urudi, na wengine ni vibarua ambao hawajui kama wataitwa. Basi uso wa mtu mmoja mbele ya meza moja umefungwa na unga wa nyumba tatu huko Msambweni, na chama cha wafanyakazi, KUDHEIHA, kikikaa na waajiri husikika kikidai mshahara, marupurupu ya nyumba na saa za kazi, madai ya haki kabisa, lakini sijasikia dai la mashavu.

Madhara makubwa ya kazi hii, nionavyo, hayamo hotelini. Yamo njiani na nyumbani. Sote twaijua sura ya Abasa, iliyoteremka Mtume alipokunja uso na kugeuka mbele ya Ibn Ummi Maktum, kipofu aliyekuja kutaka elimu, naye Mtume ameshughulika na wakubwa wa Makureshi. Na jambo ambalo limenishangaza kila nilisomapo ni kwamba yule kipofu hakuuona uso ule uliokunjwa, na bado Mwenyezi Mungu aliuhesabu. Uso basi si wa mwenye kuutazama tu. Una haki zake na ghaibu yake, na una mizani: ni nani anaelekewa, na ni nani anageuziwa mgongo. Baada ya hapo Mtume alikuwa akimkirimu yule kipofu. Sasa tazama jinsi ufukwe wetu unavyowafundisha watu kuelekea. Askari yule yule, katika dakika moja, humfungulia lango mgeni aliyevaa kaptura na mchanga miguuni, kwa bashasha, akamgeukia mama aliyevaa buibui na leso, jirani yake wa Mwamanga pengine, kwa uso wa kisiki. Simlaumu kwa ubaya wa moyo. Uso wake una kiasi, na kiasi chote kimekwisha nunuliwa na upande mmoja.

Na nyumbani ni vivyo hivyo. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utendi wa usia mwaka 1858, alimfunza adabu, ulimi mtamu na kumridhisha mume, na vizazi vya mabinti wa pwani wakalelewa kwa usia huo; lakini binti yule hakuwa ametoka kuwaridhisha watu mia mbili kwa amri kabla ya kufika kwa mumewe. Mpwa wangu hurudi akakuta wa nyumbani nao wanangojea uso. Mwanawe wa miaka minne, aliniambia, siku moja alimwuliza kwa nini akimtazama hacheki kama katika picha ile ya hotelini, aliyopigwa siku alipochaguliwa kuwa mfanya kazi bora wa mwezi. Alilisema hilo akiwa anatazama chini, na mkono ulisimama shavuni. Nilitafuta neno la kumpoza sikulipata.

Mwendo mdogo kusini ya hoteli hizo, pale Kinondo, uko msitu mtakatifu wa kaya wa Wadigo, mmoja katika makaya ya Mijikenda yaliyoandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008. Wageni hufika huko pia, tena hulipa. Lakini kabla ya kuingia mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, akaambiwa yale yasiyofanywa mle ndani: asichukue jani wala jiwe, asibusiane na mwenziwe, asipaze sauti. Nimewatazama wageni wakifungwa kaniki ile; wanakuwa wapole, wanamsikiliza mwongozaji, wanamwuliza maswali na kungojea majibu, na mwongozaji huyo, mtu mzima asiyekuwa na haraka, hutabasamu akipenda na akipenda hutabasamu machoni tu. Fedha imo pale kama ilivyomo hotelini, kwa hiyo siwezi kusema kuwa fedha ndiyo yenye kuharibu. Pale Kinondo adabu imewafunga wawili. Kule hotelini imemfunga mmoja.

Wenye hoteli wa Diani wengine ni watu wa insafu, nami nawaomba wafikiri juu ya kaniki hiyo. Si kwamba kila mgeni avikwe nguo nyeusi, bali ajue tangu anapopokewa kwamba ameingia kwa watu, ambao salamu yao hujibiwa na ambao kuwapigia kelele hakumo katika alichokilipia. Na mgeni akivuka mpaka, mkubwa wa zamu asimame upande wa mtu wake kabla ya kuagiza dafu. Mfanya kazi aliyefiwa aende kwao Lungalunga akazike, asipewe sinia na kuambiwa ajikaze mpaka saa tisa. Kiwepo chumba, japo kidogo, nyuma ya jikoni, pasipo kioo wala tangazo la kutabasamu ukutani, ambamo mtu ataingia dakika kumi na uso wake ukae unavyotaka. Haya hayagharimu sana. Gharama yake ni kukubali kwamba kilichonunuliwa ni jamala, na kwamba nyuma ya jamala yupo mtu ambaye hakuuzwa.

Jua lilikuwa limeanza kuteremka nyuma ya minazi. Mpwa wangu aliifunga chupa ya mafuta, akaiweka penye nguzo ya baraza, akanyosha miguu na kuitazama barabara, bodaboda zikipita na vumbi lao. “Mjomba,” akaniambia, “nimenyamaza tu. Usidhani nimekasirika.”

“Kaa, mwanangu,” nikamjibu.

Mtoto wa jirani alipita na dumu la maji, akasimama, akamwambia shikamoo. Aliitika, “Marahaba,” bila ya kutabasamu, na yule mtoto akalinyanyua dumu lake akaenda zake ameridhika.